Shangazi, nibatilishe ndoa au nidai talaka?

Shangazi, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda.

Mimi ni mama wa miaka 29, nauza vitenge karibu na maegesho ya malori. Nilikutana na dereva anayebeba mizigo kutoka Mombasa mpaka Juba. Alisema hana mke na kwamba lori ni lake. Akaja nyumbani na wazee wake, akamtolea baba ng'ombe wanne, mbuzi wawili na kanzu, mama akapata gomesi. Kaka yangu aliandika kila kitu kwenye daftari na wazee wa pande zote wakatia saini. Baadaye tukaenda kwa msajili wa ndoa wa wilaya, kwa sababu mimi nilitaka cheti. Tangazo likabandikwa ubaoni, hakuna aliyepinga, tukafunga ndoa mbele ya mashahidi wawili.

Sasa tuna mtoto wa miezi mitano. Juzi simu yake ilibaki nyumbani ikichaji, ikaita. Jina limeandikwa "Fundi Tairi". Nilipopokea nikasikia sauti ya mwanamke akiuliza karo ya watoto itatumwa lini. Yuko Funyula, upande wa Kenya. Anasema aliolewa 2016 kwa ng'ombe saba, wana watoto wawili, na hawajawahi kuachana. Hakunitukana. Aliniuliza tu mimi ni nani.

Nilipomkabili mume wangu alijibu: "Yule ni wa kienyeji, hana karatasi. Mwenye karatasi ni wewe, na karatasi inashinda." Nilipozidi kuuliza akanizaba kofi. Tangu siku hiyo akifika Busia analala ndani ya lori, na hatujakutana kimwili. Na lori lenyewe kumbe ni la tajiri mmoja, yeye ni mwajiriwa.

Mchungaji wangu anasema nisitamke neno talaka. Niende mahakamani "nifute" ndoa, iwe kama haikuwahi kuwepo, halafu nitakuwa huru hata kufunga ndoa kanisani. Dada wa saluni naye anasema kufuta kunawezekana tu kabla ya mwaka kutimia, na wetu unakaribia kutimia. Baba mdogo anaogopa tutadaiwa ng'ombe, na wawili tumeshawauza kumlipia mdogo wangu ada. Kuna pia kiwanja Masafu tulichonunua pamoja. Mimi nilikuwa natuma pesa kwa simu, lakini mkataba una jina lake peke yake.

Je, nidai talaka au nifute? Mtoto wangu atakuwa mwana haramu? Na yule mwanamke ameniandikia ujumbe anataka tuonane. Niende?

Mwenye Cheti, Busia

*

Mwanangu wa Busia, pole.

Nianze na jibu, maana najua unasoma ukiwa roho juu. Kwa maelezo yako, ndoa uliyofunga kwa msajili ni ya kubatilishwa, si ya kuvunjwa kwa talaka. Lakini sababu si ile ya mchungaji wala ile ya saluni, na ukishaibatilisha bado utakuwa na ng'ombe wanne wa kushughulika nao. Hao ng'ombe wamenisumbua kichwa kuliko hicho cheti, nitawafikia.

Talaka inavunja ndoa iliyokuwepo. Kubatilisha ni mahakama kutamka kwamba ndoa hiyo ilikuwa na kasoro tangu siku ilipofungwa, hivyo haikusimama kisheria. Kwa hiyo hakimu wa talaka anauliza mliishije. Hakimu anayeombwa kubatilisha hana haja sana na mlivyoishi. Anataka kujua siku ile, mbele ya msajili, ninyi wawili mlikuwa watu wa namna gani: nani alikuwa huru kuoa, nani alikubali kwa hiari yake. Yaliyotokea baadaye, hata yakiwa machungu kiasi gani, ni ya faili la talaka.

Hapa Uganda njia zote mbili zimo ndani ya Sheria ya Talaka, sheria ya mwaka 1904 ambayo bado tunaitumia. Sababu za kubatilisha ni chache na hazitanuliwi kwa huruma. Mmoja wenu awe hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa siku ya ndoa, na hali hiyo iwe ya kudumu. Au muwe ndugu wa damu au wa ukwe ambao sheria inakataza waoane. Au mmoja awe hakuwa na akili timamu siku hiyo. Au mmoja awe alikuwa na mume au mke aliye hai na ndoa hiyo ikiwa bado ina nguvu. Halafu kuna ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au kwa ulaghai.

Sasa tuchambue malalamiko yako. Kofi ni ukatili, na ukatili ni wa talaka. Kulala ndani ya lori na kukunyima unyumba hakubatilishi kitu. Sheria inaongelea mtu asiyeweza kabisa tangu siku ya ndoa, na wewe una mtoto wa miezi mitano mgongoni. Lori la tajiri ni uongo wa aibu, lakini ulaghai unaobatilisha ndoa ni ule unaogusa ridhaa yenyewe, mfano mtu asiyejua kwamba sherehe aliyoingizwa ni ndoa, au aliyeozeshwa mtu tofauti na aliyemdhania. Mwanamume aliyejitia utajiri hahesabiwi humo. Angehesabiwa, mahakama zetu zingekesha.

Kinachobaki ni Funyula, na hapo ndipo kesi yako ilipo.

Mume wako anasema karatasi inashinda. Amekosea, na nadhani anajua amekosea. Sheria ya Ndoa ya Uganda inasema wazi kwamba ndoa ya kwa msajili haiwi halali ikiwa mmoja wa wanaooana tayari ameoa au ameolewa kimila na mtu mwingine. Imetaja mila yenyewe, haikusubiri mtu awe na cheti. Tena kuna jambo ambalo huenda hukulitilia maanani siku ile kwa furaha. Msajili hatoi kibali mpaka apewe kiapo cha maandishi, na moja ya mambo yanayoapwa humo ni kwamba hakuna kati yenu aliye na ndoa ya kimila na mtu mwingine. Kichukue cheti chako ukiangalie. Kuna safu ya hali ya kila mmoja kabla ya ndoa. Kama yeye ameandikwa kapera, basi uongo wake umehifadhiwa kwenye kumbukumbu za serikali. Wakili wako aombe nakala ya kiapo hicho mapema.

Lakini usishangilie bado. Mahakama haitachukua neno la simu. Wewe ndiye utakayethibitisha kwamba ndoa ya Funyula ilikuwepo na haikuwa imevunjika siku mlipooana, na yeye akishapata wakili hadithi itageuka ghafla: "Yule nilikuwa naishi naye tu, mahari sikumaliza." Huo ni utetezi wa siku nyingi, na una uzito, kwa sababu kwa mila nyingi za huku na za ng'ambo ya mpaka ndoa hukamilika kwa mahari. Kutosajiliwa peke yake hakumsaidii. Mahari isiyokamilika inaweza kumsaidia. Ndiyo maana wazee waliopokea wale ng'ombe saba, picha za siku ile na karatasi yoyote ya makubaliano vina thamani kubwa kwako kuliko ujumbe mia wa mapenzi utakaoukuta kwenye simu yake.

Na mahakama isiporidhika? Basi ndoa yako itahesabika halali, na yule mwanamke atakuwa hawara kisheria. Hapo unarudi kwenye talaka kwa sababu ya uzinzi na ukatili. Zamani mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa lingine juu yake, wakati mume alitosheka na uzinzi pekee. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na mawakili wanawake wa FIDA, iliuondoa ubaguzi huo, na leo sababu ni zilezile kwa wote wawili. Kwa hiyo mwambie wakili aombe mambo mawili katika ombi moja: kwanza ndoa itamkwe batili, na hilo likishindikana, ivunjwe kwa talaka. Hivyo hutaanza upya ukishindwa la kwanza.

Sasa ng'ombe. Mchungaji wako anadhani ulifunga ndoa moja. Mimi nahesabu mbili. Siku kaka yako alipoandika kwenye daftari na wazee wakatia saini, kuna uwezekano mkubwa kwamba uliolewa kimila, kabla hata hujamwona msajili. Na ndoa ya kimila Uganda inaruhusu mke wa pili na wa tatu. Unaona mtego ulipo? Sababu ileile inayoua ndoa ya cheti, yaani mke wa Funyula, haiiui ndoa ya daftari. Unaweza kutoka mahakamani na hukumu inayosema cheti chako ni batili, huku kimila ukiwa bado mke wake, mke mdogo.

Najua hukutaka kusikia hilo. Wengi wanaokimbilia kubatilisha hawaambiwi, wanakuja kugundua miaka baadaye mume anapofariki na koo zinapokaa kugawana mali. Kwa hiyo ukifungua ombi, daftari liwekwe mezani pamoja na cheti, na uombe mahakama iseme kuhusu yote mawili. Kwa upande wa mila, wazee wenu na wake waitane, waandike kwamba uhusiano umekwisha, watie saini kama walivyotia mwanzo, ikiwezekana mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, awepo. Kama mliisajili ndoa hiyo ya kimila kwenye kaunti ndogo, niandikie tena, maana hapo kuna rejista nyingine ya kurekebishwa.

Wasomaji Waislamu huniuliza kama haya yanawahusu. Ndoa zao zina sheria yake ya mwaka 1906, na mke wa pili si kasoro huko. Leo tunaongea na Busia.

Dada wa saluni hakuota kuhusu mwaka mmoja, ila alivuka mpaka bila kujua. Kenya, katika Sheria yao ya Ndoa ya 2014, ombi la kubatilisha linatakiwa lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa kufungwa, na wao wanakubali pia sababu ya ndoa ambayo haikukamilishwa kwa tendo. Sisi hapa Busia tunasikiliza redio za pande zote mbili, ndiyo maana mambo yanachanganyika. Cheti chako ni cha Uganda, na katika sheria yetu ya talaka hakuna mlango unaofungwa ndoa ikitimiza mwaka. Wala hakuna punguzo kwa ndoa changa, kwamba ya miezi michache "inafutwa" tu kama laini ya simu. Usikimbizwe na kalenda. Ila usikae pia, maana mashahidi huhama na madaftari huliwa na mchwa.

Mtoto wako si haramu wa mtu. Haki yake ya kutunzwa na baba yake, kusomeshwa na kurithi haitegemei cheti chako kusimama au kuanguka; sheria yetu ya mirathi ilipotaja watoto haikuwaacha nje waliozaliwa nje ya ndoa. La kufanya sasa hivi, kabla ya kesi, ni kuhakikisha jina la baba limo kwenye cheti chake cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu. Fanya hivyo wakati bado mnaongea.

Wewe mwenyewe ndiye utakayepoteza kitu. Kwa marekebisho ya sheria ya mirathi ya mwaka 2022, mwenzi wa marehemu asiyeacha wosia anapata asilimia 20 ya mali. Mke wa ndoa batili si mwenzi. Na matunzo ya mke baada ya hukumu ni jambo linaloendana na talaka kuliko kubatilisha, kwa hiyo mwulize wakili swali hilo kwa maneno haya haya kabla hujatia saini lolote. Sikuambii uchague talaka kwa ajili ya pesa. Nakuambia ujue bei ya kila mlango.

Kiwanja cha Masafu kitategemea ushahidi wa mchango wako, ndoa iwe halali au batili. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe ya 2013, ilisema ndoa haikupi nusu ya kila kitu moja kwa moja. Inatazama nani alichangia nini, hata mchango usio wa pesa taslimu. Nenda kwa wakala wa kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala ya kipindi kile, uichapishe. Mtafute aliyewauzia mkiwa bado mnasalimiana.

Baba mdogo mtulize. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya shirika la Mifumi, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Sembuse kwa mtu aliyekuja na uongo! Ng'ombe walishamlipia mtoto ada, waache wapumzike.

Kuhusu mchungaji, sitaki kugombana na mtu wa Mungu. Lakini anapokushauri uchague kubatilisha kwa sababu neno talaka linanuka, anakushauri kuhusu sifa, na hakimu hahukumu sifa. Kubatilisha si talaka ya watu wenye heshima. Ni ombi lenye ushahidi wake, mashahidi wake na gharama zake, na mara nyingi ni gumu kuthibitisha kuliko talaka. Jambo jingine: kanisa na mahakama hawasomeani mafaili. Mkatoliki, kwa mfano, anaweza kupata tamko la ubatili kutoka baraza la kanisa, jambo ambalo Papa Francis alilirahisisha mwaka 2015, na bado serikali ikamhesabu ameolewa. Ubatili unaokuweka huru mbele ya msajili unatoka mahakamani tu. Kwa hiyo usichane cheti na kwenda kanisani na mtu mwingine kwa kuwa nimekuambia ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Jina lako bado limo kwenye rejista ya URSB, ofisi ya serikali inayotunza kumbukumbu za ndoa. Subiri hukumu, kisha peleka nakala huko ili rejista irekebishwe. Na ikiwa mwisho wake ni talaka, ujue kuna hukumu ya kwanza, halafu angalau miezi sita kabla haijawa ya mwisho. Katika miezi hiyo bado wewe ni mke wa mtu.

Alichofanya mumeo ni kosa la jinai pia. Kufunga ndoa ya serikali huku una ndoa ya kimila na mwingine kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 5. Kumshtaki ni haki yako. Mimi ningefungua kwanza kesi ya ndoa na ya matunzo ya mtoto, nikaweka polisi akiba, kwa sababu dereva aliye jela hatumi pesa ya maziwa. Kwa kofi usisubiri: Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi kwa hakimu, na hata LC wana mamlaka ya kusikiliza. Akirudia, nenda siku hiyohiyo.

Kama huna pesa ya wakili, waone FIDA-Uganda au Justice Centres Uganda, ambao wana ofisi Tororo, si mbali na kwako. Nenda na cheti, daftari la kaka yako na ile taarifa ya miamala. Vipige picha vyote kwanza, nakala ibaki kwa mtu mwingine, kwa sababu mwanamume anayeandika mke "Fundi Tairi" haachiwi cheti kabatini.

Na yule mwanamke wa Funyula, ndiyo, mwone. Usiende peke yako, nenda na mama mtu mzima wa kwenu, na msionane nyumbani kwake wala kwako. Hakukuibia kitu, alitangulia. Ila jua kwamba yeye naye ana maslahi yake: ndoa yako ikibatilishwa, yake inathibitika, kwa hiyo katika kesi hii mko upande mmoja, hata kama itachukua muda kwenu wawili kulizoea hilo. Mwulize kwa upole nani walipokea wale ng'ombe saba na kama yupo mzee atakayekubali kuvuka mpaka kuja kusema hivyo mbele ya hakimu. Nauli ya mzee huyo ulipe wewe.